Mtu Mmoja Anagonga

Tulipanda mlimani kwa sababu ya mpunga. Mfereji uliokuwa ukileta maji katika mashamba yetu ya Kiringye ulibomolewa na mvua, na waliokuwa na wajibu wa kuutengeneza wakafanya vikao vingi bila hata mmoja wao kushika koleo. Msimu wa kwanza tulivuna kidogo, msimu wa pili tukavuna majani. Mimi nilikuwa nikifundisha darasa la tatu katika shule ya parokia, kazi iliyonipa heshima kuliko chakula. Mume wangu alikuwa mkulima, mtu wa maneno machache, mwenye viganja vipana, asiyejua kulalamika. Aliponiambia kwamba anakwenda karieri, ndivyo tunavyoita machimbo ya dhahabu, nilielewa kuwa ameshaamua, maana baiskeli haikuwepo tena ukutani, alikuwa ameshaiuza. Nikamjibu kwamba sitabaki nyumbani kama wanawake wengine wa kwetu, wanaokaa mwaka mzima wakiogopa mlio wa pikipiki kwa kuwa ndiyo inayoleta habari za waume zao. Tukaenda wote. Hatukuwa na mtoto wa kumwachia mtu.

Tulikwenda na rafiki yake, mwanamume wa Mutarule wa rika lake. Walijuana Kamanyola walipokuwa wakibeba mizigo ya wafanyabiashara wanaovuka mpaka, na tangu hapo wakawa kama watoto wa tumbo moja. Tofauti yao ilikuwa kubwa. Huyu wangu ungeweza kukaa naye asubuhi nzima akakupa maneno matatu, yule mwenzake alikuwa akiongea hata na mbuzi. Aliniita shemeji, akala kwangu, akanisifia sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, hata siku niliyoiunguza. Hakuwa ameoa. Alikuwa mtoto pekee wa mama mjane, na alisema kwamba ataoa akishamjengea mama yake nyumba ya mabati.

Ule mlima uko juu kabisa ya tambarare ya Ruzizi, mahali ambapo baridi inakukuta ukiwa bado unatoka jasho la kupanda. Jina lake sitalitaja. Kutoka chini ulionekana wa kijani kama milima mingine, lakini ukishafika unakuta upande wake wote umechubuliwa, udongo mwekundu uko nje, na mashimo ni mengi mpaka unaangalia unapokanyaga. Tulijenga kibanda cha miti na shitingi, turubai la plastiki. Usiku shitingi ilikuwa ikipigwa na upepo, na asubuhi maji yalikuwa yamejikusanya katikati yake kama ndani ya bakuli.

Kazi yangu ilikuwa kutwanga mawe. Wanaume wanatoa mawe chini, na wanawake tunayapokea na kuyasaga yawe unga, unaosafishwa kwa maji ili dhahabu ibaki. Kinu chetu kilikuwa kipande cha bomba nene la chuma kilichozibwa chini, na mchi wake ni chuma pia. Unakaa umetanua miguu, kinu katikati, unatwanga tangu umande mpaka mabega yanakataa. Tulikuwa wanawake wengi mstari mmoja, na mlio wa vyuma vyetu ulisikika hata kwenye bonde la upande wa pili. Vumbi la mawe yale ni jeupe, laini kama unga wa muhogo. Lilikaa kwenye kope, kwenye ugali, kwenye maziwa ya wanyonyeshaji. Tulijifunga vitambaa mdomoni, lakini tulikuwa tukikohoa kitu cha rangi ya majivu. Wale waliotutangulia walisema kwamba mwili unazoea. Wakati ule niliwaamini, maana walikuwa bado wanatembea.

Kazi ya wanaume sikuiona kwa macho isipokuwa mdomo wa shimo tu, kwa mbali. Mwanamke hakuruhusiwa kusogelea shimo; walisema dhahabu inakimbia. Lakini mume wangu, yeye asiyependa kusema, mambo ya shimo alinieleza kidogo kidogo tukiwa tumelala, nafikiri ili yasibaki naye peke yake. Walishuka kwa kamba, wakikanyaga vijishimo vilivyochongwa ukutani. Chini walitambaa kwa tumbo, tochi imefungwa kichwani kwa mpira wa tairi, wakifuata mshipa wa jiwe popote ulipopenda kwenda. Hewa ililetwa kwa mpira mrefu kutoka kwenye mashine iliyokuwa juu, na maji yalivutwa na motopompe, kwa sababu mlima ule ulikuwa unatoka maji kila upande. Walikuwa wakiogopa kukosa hewa kuliko kuanguka kwa udongo. Alinisimulia mtu wa shimo la jirani aliyeinama kuokota nyundo yake na hakuinuka tena. Hakulia, hakutapika, aliinama tu kama anayefunga viatu.

Jambo lingine lilikuwa miti. Njia za chini zinashikiliwa na nguzo za mikaratusi, na mikaratusi ya karibu ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ililetwa begani kutoka vilima vya mbali. Mwenye shimo, tuliyemwita pedeje, alikuwa anakaa mjini na kuja anapotaka. Mume wangu na mwenzake walimwomba miti mara nyingi. Kila mara alikubali, na kila mara ilifika michache, kwa hiyo nguzo zilizidi kuachana kadiri njia ilivyorefuka. Nilimuuliza mume wangu kwa nini wasikatae kushuka. Alisema wakikataa wao, wako wengine wamekaa pale juu wakingoja nafasi. Hiyo ilikuwa kweli. Niliwaona kila asubuhi, wamechuchumaa kando ya njia na makopo yao ya chakula.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha kwa juma zima. Timu yao ilikuwa imepanda juu kula, lakini mume wangu na mwenzake walibaki chini wamalizie kujaza mifuko iliyobaki. Watu wanafikiri mlima ukianguka unatoa kishindo. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa natwanga, nikaona mtu wa motopompe anakimbia huku mikono iko kichwani, na vinu vya upande wa juu vikaanza kunyamaza kimoja baada ya kingine, mpaka kimya kikanifikia mimi. Mwanamke aliyekuwa karibu nami alinishika mkono kabla sijajua kwamba ni shimo letu.

Mlimani kuna sheria ambayo haikuandikwa na mtu: udongo ukifunika watu, hakuna anayefanya kazi mpaka watoke, wazima ama wafu. Wachimbaji wote wakaacha mashimo yao. Mdomo wa shimo letu ulikuwa mzima, ila chini njia ilikuwa imejaa, na mpira wa hewa na wa maji yote miwili ilikuwa imebanwa. Wakaamua kuingilia kwenye shimo la jirani na kutoboa ukuta wa katikati. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa mchimbaji mzee aliyepoteza vidole viwili huko huko. Hakupiga kelele kama wengine. Alichagua watu wembamba, akawapanga kwa zamu, na kila aliyetoka alitoka akitetemeka.

Mtu wa pikipiki akatumwa Mutarule. Kesho yake mama wa yule mwenzake akafika, kitenge kimejaa matope mpaka magotini, mkeka umekunjwa kichwani. Hatukuwa tumewahi kuonana, ila mwanawe alikuwa amenisimulia habari zake mpaka nikamjua. Nilifikiri ataanguka chini alie, na nilikuwa nimejiandaa kumshika. Hakulia. Alitandaza mkeka mahali palipokuwa na majani, akaniita nikae. Kisha akafungua jani la mgomba, akakata muhogo wake wa kuchemsha na kunipa nusu.

Tukakaa pale. Yeye ni Mkatoliki, alikuwa na rozari yake ya mbegu nyeusi, akisali kwa sauti. Mimi ni wa kanisa la Kiprotestanti, nilisali kimoyomoyo. Ilinyesha, wanawake wakatuletea shitingi tukaishika kila mmoja kwa ncha yake. Mvua ikakatika, tukaikung'uta. Siku ikapita, na nyingine. Watu walipunguza kutuangalia usoni.

Ndipo yule mzee aliyepoteza vidole akaja. Alichuchumaa mbele yetu, akajifuta matope mdomoni kwa kiwiko, na akasema:

"Mama, dada. Kule chini kuko mutu anagonga."

Alieleza kwamba walikuwa wamefika mahali ambapo ukuta si mnene tena. Waliponyamaza wote walisikia jiwe likigonga jiwe, taratibu, likiacha na kuanza tena. Waligonga na wao, wakajibiwa.

"Wako wawili?" mama akauliza.

Yule mzee akatazama mkeka. "Ni mutu mumoja anagonga, mama. Pengine mwenzake iko analala."

Aliinuka akarudi kazini. Nilimwona anavyotembea, nikajua kwamba hilo la kulala alilisema kwa huruma tu.

Sijui niandike namna gani saa zilizofuata. Tulikuwa wanawake wawili juu ya mkeka mmoja, na chini yetu alikuwa mtu mmoja aliye hai. Nilitaka awe wangu. Nilitaka kwa mwili wangu wote, na nilijua kwamba kila neno ninalolisema kwa Mungu linamnyang'anya huyu mama aliyenigawia muhogo. Nikajaribu kusali sala ya wote wawili, ikakataa kutoka. Nikaona na yeye ameacha kusali kwa sauti. Shanga zilikuwa zinapita vidoleni lakini midomo ilikuwa imefungwa. Baadaye akanena bila kunigeukia:

"Omba wako. Minye naomba wangu. Mungu hatakasirika."

Akanipa mkono wake, nikaushika. Tukaendelea hivyo, kila mmoja na wake.

Walimtoa jioni, jua likiwa bado lipo. Kabla ya kumpandisha walimfunika kichwa kwa mfuko wa nguo ili mwanga usimharibu macho. Akatokea mdomoni mwa shimo amekaa kwenye kitanzi cha kamba, mfuko kichwani, mwili wote rangi moja ya udongo, mabega yameanguka. Walikuwa wanalingana urefu. Nilisimama, nikatazama na kutazama, na sikuweza kujua. Mimi niliyelala na yule mtu miaka yote ile sikumjua. Mama ndiye aliyejua. Labda alimtafuta wake katika ule mwili akamkosa.

"Ule njo wako," akasema. Akauachia mkono wangu, akarudi kukaa kwenye mkeka kumngoja wa kwake.

Nilikwenda mbio. Nilianguka njiani nikaamka. Furaha niliyokuwa nayo niliimeza, na imekaa tumboni mpaka leo kama kitu kilichopikwa vibaya. Nilipomshika miguu alikuwa baridi kama samaki, na hakujua kwamba ni mimi.

Mwenzake alitolewa kesho yake. Akateremshwa kwa machela ya miti mpaka barabarani, akazikwa Mutarule. Sisi hatukuzika, maana mume wangu alikuwa amelazwa kwenye kituo cha afya huko milimani, akiwekewa maji ya mshipa. Hakuuliza kuhusu mwenzake hata mara moja, na mimi nikaelewa kwamba hahitaji kuambiwa.

Tulirudi Kiringye bila kitu, lakini hayo hayakutuuma. Kilichotuuma kilianza usiku wa kwanza. Alishindwa kulala ndani ya nyumba. Aliingia, akalala, akaamka, akatoka, akajilaza nje chini ya upenu na blanketi. Nilifikiri ni jambo la siku chache. Likawa la kila siku, hata mvua ikinyesha. Nilipoacha maji yadondoke kutoka kwenye kopo alinyanyuka na kwenda zake. Mama mkwe akasema amerogwa na wivu wa watu wa mlimani. Mchungaji alikuja akamwekea mikono, na mume wangu aliitikia amina kwa adabu, kisha akachukua mkeka wake akatoka. Vijana wa kijiji walianza kumwita mlinzi.

Yule mama wa Mutarule alikuwa akija Jumapili, akishatoka misa. Kutoka Mutarule mpaka kwetu si mbali kwa anayezoea kutembea. Anaketi, ninampa chai, tunaongea habari za mihogo na za mvua. Kila alipofika, mume wangu alisalimu, kisha akaokota jembe na kwenda shambani, Jumapili, siku ambayo hata wapagani wa kwetu hawalimi. Mama alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye mihogo. Hakuniuliza kitu. Alijua kwamba mimi sijui yaliyotokea kule chini.

Jumapili moja jembe halikuwepo, lilikuwa limeazimwa na jirani. Sijui kama ni hilo lililomzuia au alikuwa amechoka kukimbia. Alisimama uani, akatafuta, akarudi akaketi chini, mgongo ukutani. Mama akaweka kikombe.

"Weye njo ulikuwa naye," akamwambia. "Nieleze tu. Sitalia."

Akaeleza akiangalia chini. Udongo ulipoanguka, mwenzake alibanwa mguu na nguzo. Mume wangu alijaribu kuitoa nguzo ile mpaka kucha zikang'oka. Motopompe ilikuwa haivuti tena, na maji yakaanza kupanda. Paa la pale walipokuwa lilikuwa chini sana, na aliyebanwa hakuweza kuketi vizuri. Mume wangu akalala nyuma yake, akamwinua kichwa, akakiweka kifuani pake. Mwanzoni waliongea. Mwenzake alicheka hata, akasema kwamba pedeje sasa ataleta miti. Baadaye hawakuongea tena.

"Maji ilikuwa inapanda, mama. Nilimushika. Nilimushika mpaka mikono ikakufa, sikuisikia tena. Kiisha usingizi ikanikamata."

"Ulilala," mama akasema.

"Nililala. Nilipoamuka kichwa yake ilikuwa ndani ya maji."

Nilitamani mama aseme kitu, chochote, hata amlaani. Aliinuka, akajifunga kitenge vizuri, akachukua mwavuli wake. Aliniambia asante ya chai. Alipopita mbele ya mume wangu alisimama kidogo, halafu akaendelea na njia.

Hakuja Jumapili iliyofuata, wala kiangazi chote. Nilimwambia mume wangu kwamba amefanya vyema kusema. Akanijibu kwamba si vyema wala si vibaya, ila sasa wako wawili wanaojua. Niliona ajabu, maana mimi pia nilikuwepo pale. Lakini nadhani alikuwa na haki. Mimi nilisikia. Wao walijua.

Mvua zilipoanza, alichukua jembe akaenda Mutarule kwa miguu bila kuniaga. Alirudi giza likiingia, matope mpaka kiunoni. Aliniambia kwamba alimkuta mama yule tayari yuko shambani. Hawakusalimiana. Mama alimwonyesha kwa kidevu mahali pa kuanzia, naye akaanza. Saa ya kula alimpa chakula kwenye sahani ya peke yake. Toka siku ile alikuwa akienda kila msimu, kulima, kupalilia, kuvuna. Mama hakuwahi kumwita mwanangu. Hakuwahi kusema amemsamehe, na mume wangu hakuwahi kuomba.

Miaka imepita. Nilipata nafasi ya kufundisha hapa Uvira, tukahama, naye akawa anakwenda Mutarule kwa teksi kila msimu. Mji huu umebanwa kati ya mlima na ziwa, na nilipendelea nyumba ya juu kidogo, mbali na maji. Yeye akakataa kulala na mlima nyuma ya kichwa. Tukapanga karibu na ziwa. Ziwa limepanda likaingia uani, tukaweka mifuko ya mchanga, na bado anasema ni afadhali. Analala barazani. Kifua chake kimekwisha. Daktari alituonyesha picha, akaeleza kwamba vumbi la mawe likishaingia kwenye mapafu halitoki, linakaa na kuwa kovu. Alipomaliza na mume wangu alinisikiliza na mimi mgongo, akaniandikia nirudi nipigwe picha. Bado sijarudi.

Mwaka huu tukaletewa habari kwamba yule mama amefariki. Tulipanda teksi mpaka Mutarule. Ndugu zake wa mbali walikuwa wamejaa uani, na mmoja wao, mwanamume wa heshima mwenye koti, alimuuliza mume wangu yeye ni nani wa marehemu.

"Ninamulimiaka," akajibu.

Yule bwana hakuelewa, akamwachia njia.

Kaburi lilikuwa bado linachimbwa. Wanaume walikuwa wakipokezana, na zamu ilipobadilika mume wangu alivua shati akaingia. Tangu mlimani alikuwa hajaingia ndani ya shimo lolote, hata la choo. Alilipokea koleo kwa aliyetoka. Alichimba kama anavyolima, bila haraka, akitupa udongo pande zote mbili. Shimo lilimfika kiunoni, likamfika kifuani. Hapo kikohozi kikamshika. Alijaribu kuendelea, kikamkunja, koleo likaanguka. Vijana wawili wakampa mikono wakamtoa, mmoja wao akashuka mahali pake.

Alikaa kwenye majani, akihema, mate yake yana rangi ya majivu. Nilimpelekea maji kwenye kopo. Alikunywa kidogo, akanirudishia, akakaa akiwatazama vijana wakilimaliza kaburi.